Tuta la Dau

Siku ya nane baada ya sikukuu ya Dasara, Imarti alikwenda kuyatazama maji kwa mara ya tatu, na jua lilikuwa halijafika hata utosini. Alisimama juu ya tuta lake, akavua ndala, akashuka shambani, akachovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa palepale. Yangekwenda wapi? Maji yaliyozuiwa hayaondoki kwa kutazamwa, lakini mtu mwenye wasiwasi haambiliki.

Kijiji kizima kilikuwa kimeshafungua. Kwenye udongo wetu mweusi hakuna njia nyingine. Mvua ikianza mwezi wa Asarh kila mtu hufunga tuta lake, akayaacha maji yajae shambani, yakae humo miezi minne. Magugu yanafia humo, vyura wanafanya harusi zao humo, na ardhi inakunywa tu. Mvua ikishakatika na asubuhi zikaanza ubaridi, matuta hufunguliwa, la juu kwanza, kisha la chini yake, mpaka maji yote yaishie kijitoni. Siku kumi baadaye udongo umeshika, plau inapita, dengu na ngano zinaingia ardhini. Baada ya hapo hutaona tone. Mmea utakunywa kile ambacho ardhi ilikwisha kunywa, mpaka mavuno.

La juu kwanza. Na shamba lililo juu ya shamba la Imarti lilikuwa la Puranlal, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimwita Dau, neno la heshima la kaka. Dau alikuwa hajafungua.

Angeweza kufungua lake akapanda, akamwacha Dau na maji yake. Wapo waliomshauri hivyo, watu wasiojua kitu. Maji ya Dau hayakuwa na njia ya kufika kijitoni isipokuwa kupita juu ya shamba la Imarti. Apande leo, Dau afungue wiki ijayo, mbegu zote zitaogelea. Kwa hiyo alikaa na maji yake akingoja maji ya mwenzake, na ngoja ngoja, kama wanavyosema, huumiza matumbo.

"Shemeji!" Bhure, mwenye maksai, alikuwa anapita kwenye njia ya tuta na wanyama wake wawili. "Unafuga samaki siku hizi? Maana dengu sizioni."

"Nafuga hasira, Bhure. Nikupimie kilo mbili?"

"Ninayo nyumbani. Mke wangu hunipa bure." Alisimamisha maksai, na uso wake ukaacha utani. "Lakini sikia, shemeji. Zamu yako ni siku ya tatu baada ya Diwali. Hiyo ikipita, mimi naenda ng'ambo ya kijito, nina mashamba kumi na moja kule, na sirudi mpaka mwezi uishe."

"Najua."

"Na udongo unataka siku kumi kushika."

"Nimesema najua!"

"Basi hesabu mwenyewe. Yasipofunguliwa ndani ya siku tano hizi, nitakuja hapa na maksai wangu waoge tu."

Alikuwa amekwisha hesabu: kutoka Dasara hadi Diwali, sikukuu ya taa, ni siku ishirini. Alihesabu akikanda unga, akahesabu akikamua mbuzi, akahesabu amelala. Mwaka uliopita homa ilimwangusha wakati wa kupanda, akapanda nusu ya shamba, tena kwa kuchelewa. Upepo wa joto ukazikuta ngano bado zina maziwa, zikasinyaa zikawa kama za kulisha kuku. Alichobaki nacho kilikuwa kwenye ghala la udongo pembeni mwa chumba: mbegu ya dengu na mbegu ya ngano, zimechanganywa na majivu na majani makavu ya mwarobaini. Mara mbili katika msimu wa mvua alifungua kizibo cha ghala akiwa na njaa, na mara mbili akakifunga. Mbegu zile zisipoingia ardhini mwaka huu, zitaingia tumboni, na mwakani hapatakuwa na cha kufunga wala kufungua.

Na palikuwa na jambo jingine, lililomuuma kuliko njaa. Kisimani, kabla ya Dasara, Jamna mke wa Dau alikuwa akivuta kamba ya ndoo huku akicheka na wanawake wenzake. Akasema bila kumtazama mtu, "Mume wangu anasema shamba lisilopandwa na mwenyewe hupandwa na ukoo." Imarti alijitwisha mtungi wake ukiwa nusu, akaondoka. Mwaka jana nusu, mwaka huu maji. Hata mtoto angeona mchezo unakoelekea.

*

Mtu atauliza, kwa nini asimwendee Dau akamwambia? Atakayeuliza hivyo si wa huku. Mke wa mdogo hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Humfunikia uso, humpisha njia, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na miwili ya ndoa na minne ya ujane, Imarti hakuwahi kumwambia Dau hata "maji haya hapa." Alimjua kwa kikohozi chake, maana mwanamume mwenye adabu hukohoa kabla ya kuingia uani, na kwa viatu vyake mlangoni. Dau naye hakuwahi kuuona uso wa Imarti.

Mtu wao wa tatu alikuwa Amma, mama mkwe. Ndugu walipogawana nyumba, ukuta ulijengwa katikati ya ua, ukaachwa upenyo mdogo kwenye kona. Upenyo ule waliutumia kuku na Amma. Bibi huyo, mdogo kama kikapu, alilala upande wa Imarti na kula pande zote mbili, na maneno yote ya nyumba mbili yalipita kinywani mwake pamoja na tumbaku yake.

"Amma," Imarti akasema siku hiyo ya nane, miguu ingali na tope, "nenda ukamwambie Dau kwamba kijiji kizima kimefungua. Mwambie amebaki yeye. Mwambie kama anataka kuniua njaa, kinu kipo na mchi upo, anitwange mara moja."

"Hee! Maneno gani hayo ya kumpelekea mtu anayekula?"

"Mpelekee hivyo hivyo."

"Nampelekea, nampelekea. Haraka haraka haina baraka." Amma akafunga fundo la sari yake, akapenya kwenye kona. Imarti alisimama kando ya ukuta. Alisikia sauti ya Amma ikinong'ona, na sauti nzito ya Dau ikijibu, lakini ukuta ulikuwa umejengwa vizuri, na aliyeujenga alikuwa mumewe mwenyewe.

Amma alirudi akitafuna kitu.

"Anasema keshokutwa."

"Amesema hivyo?"

"Anasema, mke wa mdogo wangu asihangaike, keshokutwa nafungua. Na anauliza kama chumvi ipo."

Imarti alipumua. Hiyo chumvi ilikuwa ya kila siku ya gulio. Tangu afiwe, kila Jumatano Amma alipenya ukutani na kusema, "Dau anauliza kama chumvi ipo." Ikiwa haipo, jioni Amma alirudi na chumvi kwenye jani. Ni jambo dogo, lakini mjane huishi kwa madogo. Na lilikuwapo moja kubwa. Siku ya kumi na tatu ya msiba, wageni walipokwisha kula na kuondoka, Amma alikuja kuketi kando yake, akamwambia: "Dau amelia. Amesema, mke wa mdogo wangu hatalala njaa mimi nikiwa hai." Sentensi hiyo Imarti aliishika miaka minne. Alipoishiwa na unga aliikumbuka. Ndiyo maana neno la kisimani lilimchanganya akili: mtu aliyesema lile ndiye huyuhuyu anayesema hili? Labda wanadamu ndivyo walivyo, aliwaza, wanasema moja wakilia na jingine wakishiba.

Keshokutwa ikafika. Alikwenda kwenye tuta alfajiri, akaenda tena, akaenda tena. Shamba la Dau lilikuwa limefunikwa na majani ya singhara kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mtu alijua kwamba mwaka huo Dau alimkaribisha Gokal, mtu wa kazi za majini, apande humo singhara kwa mgawo wa nusu kwa nusu: lile tunda jeusi lenye pembe mbili, ambalo watu hulisaga unga wa siku za mfungo. Imarti aliona mimea ikiingia majini mwanzoni mwa mvua, akadhani ni ya kuvunwa mapema. Sasa Gokal alikuwa akielea katikati, amekalia mti wa mwanzi uliofungwa kwenye vyungu viwili vilivyofunikizwa, akigeuza majani na kuonja. Kila alichoonja alikitema.

"Bado?" Imarti alimpigia kelele kutoka kwenye tuta.

"Bado maji matupu, dada! Wiki mbili! Mbili na nusu!"

Imarti alishuka kwenye tuta. Alirudi nyumbani akikimbia kama anayefukuzwa.

"Keshokutwa," Amma akasema tena, alipotoka ukutani. Safari hii hakutafuna kitu. "Anasema kweli kabisa, keshokutwa. Subira huvuta heri, mwanangu."

"Subira yangu ilikwisha jana, Amma. Leo natumia ya mkopo."

Usiku hakulala, na mchana hakukaa. Alifagia ua uliofagiwa. Alipepeta mbegu zilizopepetwa. Alianza kupaka sakafu samadi, akaacha katikati, akaenda kutazama maji. Amma alimfuata kwa macho, na mara moja akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akatia tumbaku badala yake.

Siku ya kumi na mbili Amma alijifunika shuka gubigubi. Kichwa, akasema. Magoti. Kila kitu.

"Nenda mara moja tu, Amma. Kesho ndiyo siku ya mwisho."

"Siwezi kusimama."

"Jana ulipanda ngazi kuanika pilipili!"

Amma alivuta shuka zaidi. Imarti alimtazama yule bibi mdogo chini ya shuka, kisha akatazama jembe lililoegemezwa ukutani. Ndipo alipolichukua. Hakufikiri sana, mtu aliyefikiri siku kumi na mbili huchoka kufikiri.

*

Sehemu ya kufungulia tuta la Dau ilikuwa inajulikana, palipowekwa mawe mawili kuzuia udongo usimomonyoke. Upande wa juu wa tuta nyati wa maziwa wa Dau alikuwa amejilaza majini, pembe tu na pua nje, ameridhika na maisha kama kiumbe pekee wa familia ile. Imarti alijifunga sari kiunoni, akainua jembe. Pigo la kwanza lilitoa bonge la ukubwa wa mkate.

"Dada! Dada! Unafanya nini?" Gokal alikuwa akipiga maji kwa mikono kuja ukingoni, vyungu vyake vikigongana. "Hilo ni tuta la Dau! Dau! Dauuu!"

Pigo la pili. Nyumba hazikuwa mbali, na sauti ya Gokal ilikuwa imezoea kuita watu kutoka katikati ya maziwa. Imarti alikuwa kwenye pigo la sita aliposikia viatu vikija mbio juu ya tuta, kisha vikapunguza, kisha kile kikohozi, mara mbili.

Hata katika hali ile mtu alikohoa. Na hata katika hali ile Imarti alivuta ncha ya sari mpaka kidevuni. Jembe hakuliweka chini.

Hapo wakakwama wote wawili. Amma hakuwapo. Gokal angeweza kubebeshwa maneno, lakini aliliona mapema. "Wagombanapo ndugu," akajisemea kwa sauti, "chukua jembe ukalime. Sasa mmoja amelichukua yeye mwenyewe, mimi nitalima na nini?" Akasukuma vyungu vyake kwenda kona ya mbali kabisa. Alibaki nyati.

"We nyati," Dau akasema akiyatazama maji, "muulize huyo anayekata tuta la watu kama ameingiwa na wazimu."

"We nyati," Imarti akajibu kutoka ndani ya ushungi, "mwambie mwenye tuta, wazimu ni wa yule anayekalia maji mpaka Diwali wakati jirani yake ana mbegu ndani."

Nyati alitikisa sikio moja.

"Nyati, mwambie maji hayo hayakukaliwa kwa siri. Tulipatana."

"Mwambie waongo nao hupatana, peke yao!"

"Mwambie," Dau sasa alikuwa akipaza sauti, na yule mnyama maskini akageuza shingo kumtazama, "mtu aliyekubali mwezi wa Asarh asijifanye amesahau leo! Robo ya singhara nilimtolea kwa kungoja. Robo! Na ngano yake nilisema nitaipalilia mimi. Akakubali, akashukuru, akaniletea na dua!"

"Nani alikubali?"

Imarti hakumwambia nyati. Alikuwa amegeuka, na ncha ya sari ilikuwa imemwangukia mabegani, na neno lilikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyelengwa. Ndilo la kwanza kwa miaka kumi na sita. Dau alitupa macho majini upesi kama aliyefungua mlango usio wake.

"Nani alikubali, Dau? Mimi sikuulizwa."

Dau alishika kiuno. Alikuwa mwanamume mnene mwenye masharubu meupe, na masharubu yale yalikuwa yakitafuta pa kukaa. Hatimaye alijibu, naye hakumtaja nyati.

"Amma alisema umekubali."

"Na siku ya nane? Nilipomtuma akwambie ufungue?"

"Alikuja kuniuliza kama mguu wangu umepona."

"Siku ya kumi?"

"Alikuja kuomba tumbaku."

Upepo mdogo ulipita juu ya majani ya singhara. Imarti alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo. Kama haya si kweli, basi yapi ni kweli? Akaanza kuuliza, na alipoanza hakuweza kuacha.

"Chumvi," akasema. "Kila siku ya gulio hutuma kuuliza kama chumvi ipo."

"Chumvi gani?"

"Basi." Akalishika jembe vizuri. "Basi. Na neno la kisimani? Kwamba shamba lisilopandwa na mwenyewe hupandwa na ukoo?"

Ingekuwa rahisi Dau kumsingizia mkewe, na mwingine angefanya hivyo.

"Hilo nililisema," akasema. "Mwaka jana. Niliona nusu ya shamba la baba yangu imelala, nikafikiri huwezi. Nililisema, na nilimaanisha."

"Vizuri. Afadhali moja umelisema." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na jembe. "Niambie na hili moja, kisha fanya utakalo. Siku ya kumi na tatu ya mdogo wako. Ulilia, ukasema, mke wa mdogo wangu hatalala njaa mimi nikiwa hai. Ulisema?"

Gokal kule konani alikuwa ameacha hata kujifanya anafanya kazi. Dau aliyatazama maji kama aliyeangusha kitu humo siku nyingi zilizopita na leo tu ndiyo kagundua.

"Sikusema," akasema.

Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuza uso.

"Nipe hilo jembe."

*

Maji yalipopata upenyo yalikuwa kwanza ya kahawia na ya aibu, yakichungulia. Dau alipiga tena, na tena, akiguna kwa kila pigo, mpaka yakaja kwa kishindo na kumwagika kwenye shamba la Imarti. Imarti alikuwa ameshakimbilia tuta lake la chini, kulifungua kwa mikono na kipande cha ubao.

"Singhara zangu!" Gokal alilia. "Dau, nusu yangu humo! Watoto wangu humo!"

"Finya tundu kwa jiwe," Imarti akampigia Dau kelele kutoka chini, bila kufikiri, kama ambavyo angempigia mumewe. "Yaende pole pole, siku mbili! Changa nazo huliwa! Mjini wanazitafuna mbichi na chumvi!"

Dau akaviringisha jiwe. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: kutwa nzima ile na kesho yake, Gokal na mkewe, na Jamna akinuna, na Imarti amezama kiunoni, walichuma singhara za kijani huku maji yakiwatoroka chini ya mbavu. Miiba ya pembe iliwachana vidole wote sawasawa. Zilipatikana chini ya nusu ya walizotarajia, na zile changa hazina bei. Dau alipoteza, tusidanganyane. Siku ya pili jioni mimea iliyobaki ilikuwa imelala juu ya tope, na nyati amesimama katikati akishangaa nani kamwibia bwawa.

Amma alikuja siku ile ya kwanza, kabla jua halijatua, akitambaa na fimbo yake juu ya tuta. Magoti yalikuwa yamepona ghafla. Aliona maji yanatoka, akamwona mwanawe upande huu na mke wa mwanawe upande ule, akaelewa. Akakaa chini palepale.

"Mjumbe hauawi," akasema kabla hajaulizwa.

"Hata akitunga barua mwenyewe?" Dau akauliza.

"Kwa nini, Amma?" Imarti alikuwa majini, sari imemshika mwilini, ananuka tope. "Ungeniuliza tu. Mwezi wa Asarh. Ungeniuliza!"

"Ungekataa. Ungekataa, huyu angekasirika. Akikasirika angekumbuka kwamba shamba lako ni la baba yake." Bibi alikuwa akiongea na fimbo yake. "Nikasema moyoni, singhara zitawahi mwaka huu, baridi itakuja mapema, hakuna atakayejua. Baridi ikanifanyia ubaya, ikachelewa."

"Na chumvi?"

"Chumvi nilichukua jikoni kwa Jamna. Mwizi ni mimi. Aliyenizaa amekufa, nendeni mkamshitaki." Kisha akainua uso, na ulikuwa uso wa hasira, si wa kuomba radhi. "Miaka kumi na sita nawatafunia maneno yenu kama nyama ya mtoto asiye na meno. Ningeyapitisha mabichi mlivyoyatema, leo msingekuwa na ukuta katikati, mngekuwa na kaburi. Haya, mmeota meno. Tafuneni wenyewe."

Akanyanyuka peke yake, akakataa mkono, akaenda zake.

*

Siku ya tatu baada ya Diwali udongo ulikuwa bado unanata kidogo. Bhure alisaga bonge kwa kisigino, akatia shaka, akatazama uso wa Imarti, akaacha shaka yake. Maksai waliingia. Imarti alitembea nyuma ya plau na kapu begani, akimimina dengu kwenye mrija wa mwanzi uliofungwa nyuma, punje kwa punje, mstari kwa mstari, kisha ngano upande wa chini. Jioni ghala la udongo lilikuwa tupu. Aligonga ubavu wake kwa vidole, likaitika kama ngoma, na sauti ile ilimtisha.

Baada ya hapo alikuwa hakai tena. Mara tatu kwa siku alikuwa shambani ameinama. Je, zimeoza? Je, unyevu ulizidi? Njiwa wamekula? Siku ya saba aliona kama kijani, akasugua macho, akaona ni chawa wa mimea kwenye jani lililoanguka, akalia kwa hasira. Siku ya tisa, asubuhi yenye ukungu, dengu zilikuwa zimetoka mstari mzima, vichwa vimeinama kama bibi harusi. Alikaa chini kwenye udongo baridi. Hakwenda kumwambia mtu. Nani wa kumwambia? Amma alikuwa na wiki tatu hapitishi neno. Alikula pande zote mbili kama kawaida, lakini akiulizwa anasema mdomo wake umestaafu.

Ikafika Jumatano, siku ya gulio. Mchana Amma alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amegeukia ukuta, na Imarti anachambua mboga. Upande wa pili viatu vilisogea, vikasimama, vikarudi, vikaja tena. Kisha kikohozi, mara mbili. Imarti alivuta ncha ya sari, ingawa ukuta ulikuwa katikati yao.

Kisha ile sauti nzito, yenye aibu kama ya mvulana aliyetumwa posa:

"Nyati anauliza kama chumvi ipo."

Mboga zilimwanguka Imarti mapajani. Nyati alikuwa malishoni, ng'ambo ya kijito. Imarti alizikusanya upya.

"Mwambie ya leo ipo," akasema. "Ya wiki ijayo hakuna."

"Nitamwambia."

Viatu havikuondoka. Kwenye kitanda cha kamba, bila kugeuka, Amma alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie na tumbaku."

Imarti aliutazama mgongo ule mdogo. Akaugeukia ukuta.

"Na Amma anasema tumbaku yake imekwisha."

Dau alipojibu upande wa pili, alikuwa amemsahau nyati kabisa.

"Amesema yeye," akauliza, "au umetunga wewe?"

"Amesema mwenyewe," Imarti akajibu. "Neno kwa neno."